Kabla Sufuria Haijabandikwa: Mbinu Nane za Kuishi na Jirani wa Imani na Asili Nyingine

Ugomvi mwingi wa dini vijijini hauanzii msikitini wala kanisani. Unaanzia jikoni, makaburini, kwenye mpaka wa shamba ambako nguruwe wa mtu amevuka, na midomoni mwa watoto wanaotoka shule. Mikutano ya amani inapoitishwa, mara nyingi nyama imekwisha pikwa na maneno yamekwisha semwa.

Kwetu Kingerikiti ni kata ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ukanda huu, kuanzia milima ya Umatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, ni makutano ya watu wengi. Kuna Wamatengo, Wanyasa, Wampoto, Wamanda na Wangoni, pamoja na Wayao waliotoka upande wa Tunduru. Kuna watu wenye shangazi na wajomba ng'ambo ya mpaka, Msumbiji na Malawi. Kuna walimu na wauguzi waliopangiwa kazi kutoka Tanga, Kigoma na Visiwani, na kuna wafanyabiashara waliofuata kahawa na dagaa. Wakatoliki ndio wengi milimani, Waanglikana wana mizizi mirefu mwambaoni, na Waislamu, Wasabato na Wapentekoste wapo katikati yao.

Anayepanda milima ya Umatengo huyaona mashamba ya ngoro: mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama matundu ya sega la nyuki, kila shimo limezungukwa na matuta. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mraba, wanawake huyafukia kwa udongo. Tuta moja ni la mashimo mawili. Linatenganisha na papo hapo linashikilia. Likibomoka, maji ya shimo moja huondoka na udongo wa shimo la pili. Ujirani wa watu wa imani mbili ni kama tuta hilo. Mpaka upo, unaonekana, na pande zote mbili zinautunza.

Ndiyo maana nasema kuvumiliana ni utaratibu kabla ya kuwa hisia. Moyo mwema peke yake haumwambii mtu nani achinje ng'ombe wa harusi wala mkutano wa kijiji uitishwe siku gani. Mbinu nane zifuatazo zinaweza kuanza kutumika wiki hii, bila fedha na bila semina.

Mbinu ya 1: Uliza mapema, tena uliza mwenyewe

Watu wengi hawamuulizi jirani kuhusu imani yake kwa kuogopa kumkwaza. Matokeo yake wanakisia, na kukisia ndiko kunakokwaza. Mwislamu anayealikwa kwenye sherehe halafu akakaa mbele ya sahani asiyoijua anapata aibu mara mbili: akila anajuta, asipokula anaonekana ana maringo.

Uliza siku kadhaa kabla, uso kwa uso, kwa maneno mepesi. Mfano: "Dada, Jumapili mtoto wangu anapata komunio ya kwanza. Ningependa uje na watoto. Nyama tumwite nani aichinje ili na wewe ule kwa amani?" Swali hilo moja lina mwaliko, heshima na suluhisho ndani yake.

Mwalikwa naye ana wajibu. Usingoje uulizwe ndipo uone umeheshimiwa. Sema mwenyewe: "Nitakuja, baba. Mimi ni Msabato, kambale na nguruwe situmii, lakini ugali na samaki mbasa vinanitosha." Aliyesema mapema hajamsumbua mwenyeji; amemwokoa.

Mbinu ya 2: Panga jiko la sherehe kwa uwazi

Nyama ndiyo jambo linaloumiza kwa haraka kuliko mengine yote. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa jijini Dar es Salaam na nchi nzima ikatikisika. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, mzozo wa nani ana haki ya kuchinja uligeuka vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Mtu alipoteza uhai katika ugomvi ulioanzia kwenye kisu cha bucha. Tusiseme kwetu haliwezi kutokea. Tuseme tunalizuia vipi.

Kwa shughuli inayowaalika watu wote, mwiteni Mwislamu achinje, na jambo hilo litangazwe kwa waalikwa. Hiyo ni desturi ya miaka mingi sehemu kubwa ya Tanzania, na haipunguzi chochote kwenye imani ya Mkristo. Lakini isigeuzwe amri. Familia ya Kikristo inayochinja mnyama wake kwa ajili ya watu wake haijamkosea mtu. Haki ya mgeni ni kujua, ili achague. Haki ya mwenyeji ni kutolazimishwa nyumbani kwake.

Huku kwetu nguruwe ni akiba ya familia. Ndiye anayelipa ada ya shule na ndiye anayeonekana kwenye sherehe nyingi. Hakuna sababu ya kumficha, ila kuna sababu ya kumtenga. Weka jiko lake mbali na jiko la wote, pamoja na sufuria, mwiko, kisu na mpishi wake. Mafuta yake yasiingie kwenye mboga za pamoja. Kikundi cha akina mama kinachokodisha vyombo kiwe na sufuria mbili au tatu zilizopigwa alama ya rangi kwenye mkono, ambazo nguruwe haingii kabisa. Gharama yake ni kopo dogo la rangi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye pombe. Komoni na ulanzi vikae upande mmoja, maji, chai na soda upande mwingine, ili asiyekunywa asilazimike kupita katikati ya walevi kutafuta kikombe.

Mkikwama kabisa, rudini ziwani. Usipa na mbasa huliwa na Mkatoliki, Mwanglikana, Mwislamu na Msabato bila mtu kuuliza nani aliyechinja. Sherehe ya samaki haina mgeni.

Kisha kuna jambo moja lisilo na msamaha: usimlishe mtu kwa hila chakula anachokikataa, hata kwa utani. Huo si mzaha. Ni kumnajisi mtu kwa makusudi, na jirani aliyefanyiwa hivyo ana kila sababu ya kutokukuamini tena.

Nje ya sherehe, jenga banda la nguruwe mbali na mpaka wa jirani na ulifunge vizuri. Mbwa naye afungwe jirani Mwislamu anapokuja kukutembelea, kwa sababu akirambwa nguo atalazimika kuitakasa kabla ya swala. Kumfunga mbwa ni salamu ya kwanza kabla ya "hodi".

Mbinu ya 3: Andika kalenda moja ya kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Vikao vya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), vikoba na kamati ya shule navyo vina siku zake. Vikao hivi vikipangwa bila kufikiri, vinawatoa watu nje kimyakimya. Ukiita kikao Ijumaa saa saba mchana, Waislamu hawapo. Ukiita Jumamosi, Wasabato hawapo. Ukiita Jumapili asubuhi, kanisa zima halipo. Halafu uamuzi unapitishwa, na asiyekuwapo anaambiwa "mlishindwa kuja".

Chukua karatasi moja kubwa, ibandike ofisi ya kijiji. Weka alama Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, Sabato kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, na Jumapili asubuhi. Ongeza Ramadhani, Kwaresima, sikukuu mbili za Idi, Krismasi, Pasaka na Maulidi. Zinazobaki ndizo siku za kazi za pamoja. Jumanne na Jumatano mara nyingi hazina mwenyewe. Katika mwezi wa Ramadhani, kikao chenye chakula kihamishiwe baada ya magharibi, watu wafuturu pamoja, kisha waongee.

Kelele nazo ziingie kwenye mazungumzo hayo. Spika za adhana ya alfajiri na spika za mkesha wa maombi zote zinasikika nyumbani kwa mtu mwenye mgonjwa. Imamu, mchungaji na katekista wakae na mwenyekiti wa kijiji wakubaliane spika zielekee wapi na sauti ishushwe saa ngapi. Wakikubaliana kabla ya lalamiko la kwanza, hakuna atakayeona ameshindwa.

Mbinu ya 4: Msibani, toa mikono yako

Msiba ndio mtihani wa ujirani. Mwenye msiba hatakumbuka mahubiri yako, atakumbuka jembe lako kaburini.

Kuna kazi ambazo hazina dini: kuchimba kaburi, kuchota maji, kupasua kuni, kupika, kupokea wageni wa mbali, kuandika rambirambi. Anza na hizo. Hutakosea.

Jua tofauti za msingi. Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku ile ile. Usione kwamba hawana uchungu, na usichelewe ukidhani maziko yatakuwa kesho. Wakristo wengi hungoja ndugu wafike, na jeneza huandaliwa; usione kwamba wanamtesa marehemu. Kwa desturi ya Waislamu wa huku kwetu, wanawake hubaki nyumbani wanaume wakienda makaburini, hivyo mama Mkristo asihesabu kwamba amefukuzwa. Watu wakipanga safu kuswali, wewe usiyeswali simama pembeni kwa utulivu, kofia mkononi ama kichwani haidhuru. Mwislamu aliyeingia kanisani kumzika rafiki atasimama watu wakisimama na kukaa wakikaa. Kupiga magoti au kupokea komunio hakumhusu, na asisukumwe.

Ugumu unakuja marehemu alipokuwa amebadili dini. Upande mmoja unasema alibatizwa, upande mwingine unasema alisilimu, na maiti inangoja. Dawa ya jambo hili hutengenezwa mtu akiwa hai. Aliyebadili dini awaambie ndugu zake mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa imani yake mpya, azikwe vipi. Akiandika, ni bora zaidi. Asipofanya hivyo na umauti ukamfika, viongozi wa pande zote mbili wakutane na wazee wa ukoo faraghani, mbali na umati, na watoke na neno moja. Viongozi wa dini wasibishane mbele ya jeneza.

Mbinu ya 5: Vijana wakipendana nje ya dini, ulizeni maswali matano

Kupiga marufuku hakuzuii mapenzi. Kunawafanya vijana wakimbilie mjini Mbinga au Songea na kurudi na mtoto. Afadhali wazazi waulize, na vijana wajibu kabla ya barua ya posa.

Moja, mtafunga ndoa ya namna gani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali, na ya kiserikali hutangulizwa na tangazo la siku 21. Kanisa Katoliki linahitaji ruhusa ya askofu kwa ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa. Mafundisho ya Kiislamu yanamruhusu mwanamume kuoa Mkristo, lakini mwanamke Mwislamu hawezi kuolewa na asiye Mwislamu. Mambo haya yajulikane mwanzo, yasije kugunduliwa wiki ya harusi.

Mbili, watoto watalelewa katika imani gani, na majina yao yatatoka wapi? Tatu, nyumbani mtapika nini na hamtapika nini? Nne, mmoja wenu akifa atazikwa vipi? Tano, mirathi itafuata utaratibu gani?

Vijana wakiweza kujibu matano haya kwa sauti moja, wazazi wana sababu ya kuwasikiliza. Wasipoweza, bado hawajamaliza kuongea wao kwa wao. Na asibadilishe mtu dini kwa shinikizo la mahari. Imani iliyonunuliwa harusini huuzwa kwenye ugomvi wa kwanza.

Mbinu ya 6: Chunga neno linalomtaja mtu kwa kundi lake

Ukanda wetu umeonja migawanyiko mingi kabla ya huu tunaouzungumzia leo. Ukuta mmoja wa zamani wa dini hapa ulikuwa kati ya Wakristo wenyewe. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka makao kisiwani Likoma mwaka 1885 na wakafanya kazi mwambaoni hadi Liuli, ambako mmisionari wao William Percival Johnson alizikwa mwaka 1928. Wabenediktini Wakatoliki walitokea Peramiho, wakafungua Kigonsera mwaka 1899. Pande hizo ziligombania vijiji na shule. Leo Mkatoliki wa milimani na Mwanglikana wa Liuli wanaoana na kuzikana, na vijana wao wanashangaa kusikia kwamba kulikuwa na ugomvi. Ukuta uliobomolewa mara moja unatufundisha kwamba na mwingine unabomoleka.

Makabila nayo yalijifunza kushika mkono. Mwaka 1936 wakulima wa ukanda huu waliunda chama cha ushirika kilichoitwa Ngomat, jina lililoshonwa kwa Wangoni na Wamatengo. Waliokumbuka vita vya mababu waliamua kuuza mazao kwa jina moja.

Basi chunga maneno. "Kafiri", "mtu wa kuja", "hawa hawana dini", "hao ndivyo walivyo" ni maneno yanayomfuta mtu na kuacha kundi. Mhindi mwenye duka, fundi wa Kichina wa barabara, mwalimu kutoka Pemba na mchungaji wa ng'ombe Msukuma wote wana majina. Jifunze jina lake na ulitamke ipasavyo. Mtoto aliyezaliwa na wazazi wa rangi mbili asiitwe "chotara" barazani kana kwamba ndilo jina alilopewa. Ni mtoto wa fulani, wa kitongoji fulani.

Jambo hili liliwahi kuamuliwa kwa uzito kwenye Bunge letu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa kuangalia rangi. Mwalimu Nyerere alikataa, na akaweka wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali. Nchi ilizaliwa kwa uamuzi huo. Anayembagua mtu kwa rangi leo anarudi nyuma ya mwaka 1961.

Na utani? Utani ni hazina yetu, tuutunze. Lakini utani una wenyewe. Mtani wako anajulikana, na yeye pia ana ruhusa ya kukurudishia. Mtu asiye mtani wako, anayecheka kwa sababu yuko peke yake kati ya watu kumi, hataniwi, anaonewa. Dini haikuwahi kuwa uwanja wa utani. Mtanie mtu kwa ugali wa muhogo au kwa woga wa kupanda mlima, ila Mungu wake mwache.

Mbinu ya 7: Wafundishe watoto kabla hawajafundishana

Oktoba 2012, huko Mbagala jijini Dar es Salaam, watoto wawili walibishana kuhusu Kurani, na mmoja akaikojolea ili kuona kama litamtokea jambo. Habari zikasambaa, watu wakajaa barabarani, makanisa yakachomwa na kuharibiwa. Ulikuwa ubishi wa watoto, na wakubwa ndio walioubeba hadi kwenye moto.

Mwambie mwanao mambo matatu, kwa lugha anayoielewa. Kitabu cha dini ya mwenzako hakichezewi wala hakijaribiwi. Ukiulizwa swali la dini na hujui, sema "nitamuuliza mama". Ukiona mwenzako anasali, nyamaza hadi amalize.

Shuleni, kipindi cha dini kila mtoto aende kwa mwalimu wa imani yake. Kama darasa lina watoto Waislamu watatu na hakuna mwalimu wao, mwalimu mkuu azungumze na wazazi wao apatikane mzee wa kuwafundisha, na wakati huo wasilazimishwe sala ya wengine wala wasiachwe wakizurura kama waliofanya kosa. Mwaka 1969 serikali ilichukua shule nyingi za misheni na kufungua madawati yake kwa watoto wa dini zote. Wazee wengi wa Nyasa walikutana na rafiki wa kwanza wa imani nyingine kwenye dawati hilo. Tusilirudishe nyuma kwa uzembe.

Nyumbani, watume watoto na sahani. Siku ya Idi, pilau iende kwa jirani Mkristo. Siku ya Krismasi, kuku aliyechinjwa na Mwislamu aende kwa jirani Mwislamu. Mtoto aliyebeba sahani hiyo mara tano hataamini kirahisi atakapoambiwa kwamba nyumba ile ni ya maadui.

Mbinu ya 8: Kosa likitokea, ulizeni kwa sengu, siku ile ile

Wamatengo walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na hapo hapo pa chakula ndipo yalipozungumzwa: nani hana chakula nyumbani, nani amekosana na nduguye, kijana gani anapotea. Busara ya sengu ni kwamba shauri lilisikilizwa na watu waliokwisha kula pamoja, na ambao kesho watakula pamoja tena. Tunaweza kuuazima utaratibu huo kwa mambo ya imani.

Fanyeni hivi. Kwanza, tengeni watu wanne au watano kabla hakujatokea lolote: mwenyekiti wa kitongoji, mzee mmoja wa kila dini iliyopo, na mama mmoja anayeaminika na pande zote. Akina baba walikula sengu peke yao. Yetu ya leo isimwache mama nje, kwa sababu mambo mengi yanaanzia jikoni kwake.

Pili, habari ikifika, wakutane kabla jua halijazama. Waende kwa aliyekosewa kwanza, kisha kwa anayetuhumiwa, kila mmoja kwake. Waulize: uliona mwenyewe au ulisikia? Ulisikia kwa nani? Nusu ya moto huzimika hapo.

Tatu, kosa libaki na mwenye nalo. Kijana mmoja akitukana, ni kijana huyo. Si Waislamu, si Wakristo, si Wanyasa. Mzee wa dini yake awe wa kwanza kulikemea, kwa sababu neno la mtu wa ndani lina uzito ambao wa nje hawezi kuwa nao.

Nne, anayeomba radhi aombe mahali pale pale alipotukania. Aliyetukana sokoni asiombe radhi chumbani. Aliyetukana kwenye kundi la WhatsApp aandike kwenye kundi hilo hilo, na wengine waache kusambaza.

Tano, jueni kikomo chenu. Kuchoma, kupiga, kuvunja nyumba ya ibada au kitabu kitakatifu ni jinai. Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya makosa dhidi ya dini. Mambo hayo yaende polisi mara moja. Wazee kazi yao hapo ni kutuliza watu ili sheria ipate nafasi ya kufanya kazi yake. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, na uhuru huo hausubiri ruhusa ya walio wengi.

Neno kwa walio wengi

Mbinu hizi zote zina upande mmoja mzito zaidi, na ni upande wa walio wengi. Hapa milimani Wakristo ndio wengi. Kwa hiyo Mkristo ndiye wa kwanza kuuliza, wa kwanza kutenga sufuria, wa kwanza kuhamisha kikao. Mahali ambako Waislamu ndio wengi, wao ndio watangulie. Aliye peke yake akianza kudai huonekana mkorofi. Aliye kati ya wengi akianza kutoa, kijiji kizima humfuata.

Na siku moja uvumilivu unaweza kudai zaidi ya sufuria. Desemba 2015, karibu na El Wak katika Kaunti ya Mandera nchini Kenya, wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi na kuwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Baadhi ya akina mama walikwisha wafunika wenzao kwa hijabu zao. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, na Januari 2016 alifariki hospitalini.

Abiria wale hawakupata muda wa kuitisha semina. Kitendo kama chao hutoka kwenye mazoea ya siku zote: kusafiri pamoja, kugawana maji, kujuana kwa majina. Mazoea hayo hayaji yenyewe saa ya hatari. Yajenge sasa, ndugu msomaji, wakati hakuna aliyekukosea. Sherehe yako inayofuata ni lini? Leo jioni, kabla sufuria haijabandikwa, nenda kwa jirani yako, piga hodi, umuulize anakula nini.